Mshono wa Bahari

Mume akikuibia kuku, utamshitaki kwa shangazi zake na utalipwa kuku. Akikuibia kazi ya kichwa chako, utamshitaki kwa nani, na hicho kichwa ndicho shahidi pekee? Hapo ndipo Cherehani alipokwama kwa miaka, mpaka siku kumbukumbu mpya za Bibi zilipofika ofisini.

Cherehani si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake wa taasisi ya bahari, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona. Alikuwa akiunga vipimo vya joto la bahari vya setilaiti ya zamani na vile vya setilaiti ya sasa, vitoke kitambaa kimoja kisichoonyesha pa kuungia. Setilaiti ya zamani waliiita Bibi, ya sasa Mjukuu. Bibi aliizunguka dunia miaka na miaka akiipima bahari, hadi uzee ukampata, akaanza kuchelewa. Badala ya kupita asubuhi kama alivyozoea, akawa anapita mchana, jua limeshauchoma uso wa maji. Basi kila alivyozidi kuzeeka, bahari ikaonekana inazidi joto, kumbe ni yeye tu anachelewa kazini. Kisha Mjukuu akarushwa, kijana wa kupita asubuhi barabara, na bahari ikaonekana imepoa ghafla.

"Ni kama kumpima mtoto urefu akiwa amevaa viatu," Cherehani alimweleza mama mkwe wake wakati ule. "Mwakani unampima yuko peku, halafu unasema mtoto amefupika."

"Sasa si muvivue hivyo viatu tu?" mama mkwe akasema.

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Kujua kisigino kilikuwa kirefu kiasi gani."

Na alikijua. Kulikuwa na kipindi ambacho Bibi hajastaafu na Mjukuu ameshaanza kazi, wote wawili wanaitazama bahari ileile. Cherehani akakishikilia kipindi hicho kama kupe. Alilinganisha alichoona huyu na alichoona yule, bahari kwa bahari, msimu kwa msimu, penye upepo na pasipo na upepo, maana upepo huyakoroga maji na kuupoza uso. Aliifanya kazi hiyo nyumbani, kwenye meza ya kulia, akiwa kwenye likizo ya uzazi, mtoto begani na maziwa yakimlowesha blauzi. Mwishowe akaipata kanuni ya kumvua Bibi viatu vyake. Siku hiyo alilia kwa furaha, kisha akamwonyesha mumewe. Umwonyeshe nani kama si mumeo?

Mumewe alikuwa Daktari, si wa sindano, wa vitabu, na alifanya kazi taasisi hiyohiyo, ofisi yake ikiwa mwisho wa ukumbi. "Nipe nikuangalizie," alisema. Akamwangalizia kweli! Mtoto alipoanza kusimama dede, makala ikatoka kwenye jarida kubwa la sayansi, jina la Daktari likiwa peke yake juu kama jogoo kwenye paa. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa na miwani, alimshukuru mke wake "kwa uvumilivu".

"Jina langu liko wapi?" Cherehani aliuliza, jarida mkononi.

"Mama watoto," Daktari akasema, ingawa mtoto alikuwa mmoja, "sisi si kitu kimoja? Changu si chako?"

"Basi ungeandika langu. Na langu si lako?"

"Ulikuwa likizo. Watu wangesema nini? Tena tafadhali usianze. Nyumba haijengwi kwa majina."

Tangu siku hiyo hawakuzungumza kazi tena. Waliongea ada, waliongea gesi imeisha, waliongea kikohozi cha mtoto. Bahari ikawa mwiko ndani ya nyumba ile. Daktari alialikwa huku na kule kuieleza kanuni, akarudi na mabegi yenye nembo za mikutano, na mkewe akamfulia yale mabegi. Waliowaona walisema yule mama ana moyo. Moyo alikuwa nao, ndiyo, na ulikuwa umejaa sumu mpaka kwenye shingo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kumbukumbu mpya zilifika asubuhi, kwa barua pepe ya kawaida isiyo na mbwembwe. Wenye setilaiti, huko waliko, walikuwa wamerudia vipimo vyote vya Bibi kuanzia siku yake ya kwanza angani, wakavisafisha upya. Cherehani alifungua maelezo yaliyoambatanishwa, akayasoma kama anavyosoma kila kitu, neno kwa neno, kikombe cha chai kikipoa mkononi. Ukurasa wa pili ulisema kwamba hitilafu ya saa za kupita imeshasahihishwa. Kwa maneno mengine, viatu wameshavivua wenyewe. Anayetumia kumbukumbu hizi asitie tena kanuni ya mtu yeyote.

Akaweka kikombe chini. Wazo lilimjia taratibu, likaketi, likajinyoosha miguu.

Mkurugenzi wa taasisi alikuwa anastaafu. Waliotaka kiti chake waliagizwa kila mmoja asimame ukumbini, mbele ya bodi na wageni, aeleze kazi yake kubwa. Na kila mtu alijua Daktari ataeleza nini. Angeleta historia ndefu kuliko zote ya joto la bahari, Bibi na Mjukuu wameshonwa pamoja kwa kanuni yenye jina lake. Kumbukumbu mpya zingemvutia kama nzi na kidonda. Mpya ni mpya, na Daktari alipenda vya kutangulia.

Na Daktari hakuwa mtu wa kusoma maelezo. Hata pasi mpya aliichomeka kwenye umeme kabla ya kuitoa plastiki, nyumba nzima ikanuka wiki moja. Mtu aliyeitunga ile kanuni angejua moyoni kwamba inafaa kwa kumbukumbu za zamani tu, kwa sababu alihesabu kisigino cha viatu vile na si vingine. Lakini mwizi wa nguo hajui vipimo vya mshonaji. Angeichukua kanuni aliyoiba, amvue viatu mtu aliye peku, na hapo kitakachotoka ni nyama ya mguu.

Cherehani aliingia msalani, akafunga mlango, akacheka mpaka akashika ukuta.

Msidhani hakuwa na dhamiri. Alikuwa nayo, na ilimkera siku ile yote. Jioni akakubaliana nayo hivi: akiniuliza, nitamwambia. Akinijia kama mtu anavyomjia mwenye kazi, aseme kanuni yako hii inafaa hapa au haifai, nitamwonyesha ukurasa wa pili na mambo yaishe. Sitamtegea, sitamdanganya, ila pia sitamkimbilia. Kuuliza si ujinga, nao mlango uko wazi. Aliona hayo ni masharti ya haki kabisa, na mimi sioni kosa lake.

Basi zikaja asubuhi za chai. Daktari alikuja mezani na karatasi zake, uso umemvimba kwa kukosa raha. Cherehani aliiona grafu ikiwa kichwa chini upande wa pili wa mkate, wala hakuhitaji kuigeuza. Miaka ya mwisho ya Bibi ilikuwa imeshuka vibaya, bahari imepigwa baridi isiyokuwapo, halafu pale Mjukuu anapoingia, mstari ukaruka juu kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mama watoto," Daktari akasema.

"Naam." Kijiko kikamsimama mkononi.

"Sukari iko wapi?"

Ilikuwa mbele yake. Cherehani akaisogeza, na ndani ya kifua chake kitu kikaanguka, kwa sababu kwa dakika ile moja alikuwa ametamani kwa nguvu zake zote aulizwe. Alikasirika kwa kutamani huko kuliko alivyowahi kukasirika kwa wizi wenyewe.

Safari nyingine Daktari alimfuata mpaka ofisini. Akasimama mlangoni, bega kwenye fremu, anachezea kalamu.

"Una kazi nyingi?"

"Za kawaida."

"Ile data mpya ya Bibi, umeishusha?"

"Nimeishusha."

"Haina matatizo?"

"Data haina tatizo lolote," Cherehani akasema, na Mungu anajua hakusema uongo. Aliulizwa kuhusu data, akajibu kuhusu data. Akamtazama machoni, akangoja. Kulikuwa na swali jingine nyuma ya lile, alikiona hata kichwa chake kikichungulia. Daktari akasema atachelewa kurudi, akaenda zake.

Baada ya siku hiyo Daktari alibadilika. Mtu aliyeshindwa kuondoa shaka huamua kuifanya sifa. Akaanza kuuita ule mruko "ugunduzi". Bahari imeruka joto ghafla na dunia nzima haijui, ila yeye! Alitembea kwenye ukumbi wa ofisi kifua mbele, akapiga simu kwa waandishi wa habari, akanunua suti. Nyumbani mama mkwe aliwatazama wote wawili, akaguna.

"Mwanangu anapaa na wewe unaimba ukifua," alimwambia Cherehani. "Katika nyumba hii sijawahi kusikia ukiimba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hm. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nipo, naangalia."

Jambo moja tu Cherehani alilifanya kwa mkono wake. Yeye ndiye aliyekuwa mratibu wa mialiko ya siku ile. Alifahamu kwamba mama aliyesimamia usafishaji wa kumbukumbu za Bibi, yeye mwenyewe na si msaidizi, alikuwa mjini kwa mkutano mwingine. Akamwandikia kwa heshima zote kwamba taasisi itafurahi sana akija kusikia kazi iliyofanywa kwa kumbukumbu zake. Yule mama akajibu kwa furaha. Cherehani akampangia kiti cha mbele, karibu na kipaza sauti.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, viyoyozi vikiguruma. Bodi walikaa safu ya kwanza pamoja na Mkurugenzi anayeondoka, mzee mpole mwenye tabia ya kusinzia na kusikia kila kitu. Cherehani alikaa nyuma, karibu na mlango, amevaa gauni alilolinunua wakati mtoto hajazaliwa. Lilimkaa.

Daktari alizungumza vizuri, tusimnyime haki yake. Alizaliwa na mdomo. Alieleza jinsi Bibi alivyokuwa akichelewa, jinsi kanuni yake ilivyomrudisha kwenye saa, hata mfano wa viatu vya mtoto akautoa. Cherehani alipousikia ule mfano alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Kisha grafu ikatokea ukutani, kubwa kama lango, na mruko katikati yake. Watu wakashusha pumzi. Waandishi wakapiga picha, bodi wakapiga makofi.

Mama mgeni akanyoosha mkono.

"Kazi kubwa," alisema. "Swali dogo tu. Huu mruko, umetokea lini?"

Daktari akautaja mwaka.

"Ambao ndio Bibi alikabidhi kazi kwa Mjukuu. Hukushangaa kwamba bahari imeruka pale pale penye mshono?"

"Ni jambo la kusadifu. Saa za kupita zimeshasahihishwa kwa kanuni yangu."

"Maboya yanayopima joto ndani ya maji yenyewe hayakuruka mwaka huo."

"Maboya ni machache."

"Sawa. Kumbukumbu za Bibi ulizotumia ni za zamani au mpya?"

"Mpya," Daktari akasema kwa fahari. "Sisi hatutumii viporo."

Mama mgeni akavua miwani. "Mpya tumezisahihisha saa sisi wenyewe. Tumeandika ukurasa wa pili. Ndugu yangu, umesahihisha kilichosahihishwa. Baridi yote hiyo uliyoionyesha hapo umeitia wewe, na mruko wako ndipo ulipotoka."

Mtu mmoja alianza kukohoa, akaahirisha.

"Kinachonishangaza," yule mama akaendelea, wala hakuwa na ubaya wowote, "ni kwamba hii kanuni ni safi sana. Sisi wenyewe tuliitumia kujipima. Aliyeitunga asingeweza kufanya kosa hili hata usingizini."

Kijasho chembamba kilikuwa kimeshaitawala suti mpya. Daktari alitazama bodi, akatazama grafu, akatazama mlango. Karibu na mlango akamwona mke wake. Cherehani aliliona wazo likimfikia, kwa kuwa aliijua sura ile kwa miaka mingi. Ilikuwa sura ya mtu aliyekumbuka pa kutupia takataka.

"Kusema kweli," Daktari akasema, "haya mahesabu ya kanuni ni ya mke wangu. Yuko pale nyuma. Ndiye aliyeyafanya tangu mwanzo. Kama kuna kosa, ni vyema aulizwe yeye."

Ni ya mke wangu. Kwa miaka yote ile Cherehani alikuwa ameiota sentensi hiyo. Alishaipanga kwa sauti tofauti tofauti akiosha vyombo, mara Daktari anaisema kwa fahari, mara anaisema kwa machozi. Leo imesemwa mbele ya bodi na waandishi, na imesemwa ili abebe aibu isiyo yake. Alihisi hasira safi kabisa, isiyo na hata chembe ya huruma, na ilimnyanyua kitini pasipo yeye kujisukuma.

"Ni kweli," alisema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Kanuni ni yangu. Si sehemu yake, ni yote, na niliitungia kwa kumbukumbu za zamani. Kwa hizo iko sawa mpaka leo, mama amethibitisha sasa hivi. Maelezo ya kumbukumbu mpya niliyasoma siku yalipofika. Aliyetia kanuni yangu pasipotakiwa ni yule mwenye jina juu ya makala, na hakuniuliza."

Mkurugenzi akafungua macho. "Daktari," alisema kwa upole wake uleule, "hapa pana mawili. Ama kanuni ni yako na hujui inavyofanya kazi, ama si yako na uliandika jina lako. Tuambie moja tu, tujue la kuandika."

Daktari alisimama hapo, mkono mmoja kwenye meza. Cherehani hakumwondolea macho. Alitaka aione kila hatua, kama mtu anayekula taratibu ili asimalize.

"Si yangu," Daktari akasema, na kipaza sauti alichokisahau kifuani kikaipeleka sauti hiyo ndogo mpaka kona za ukumbi.

Hawakurudi nyumbani kwa magari tofauti, kwa kuwa gari lilikuwa moja na mtoto alitakiwa kuchukuliwa shule. Daktari aliendesha amekaza mikono kwenye usukani. Makala itafutwa, Mkurugenzi ameshasema, na itaandikwa upya na mwenyewe. Kiti hakizungumzwi tena.

"Ulijua tangu lini?" Daktari aliuliza walipofika kwenye foleni.

"Tangu zilipofika."

"Ukaniacha niende mpaka pale mbele. Mimi mume wako."

"Sikukuacha. Nilikungoja."

"Nilikuja ofisini kwako, nikakuuliza!"

"Uliniuliza habari za data. Hukuniuliza habari za kanuni."

"Sasa ningekuulizaje kanuni?" Daktari akapiga usukani kwa kiganja. "Ningekuuliza, si ingekuwa nimekubali kwamba ni yako?"

Maneno yakabaki ndani ya gari, hayana pa kwenda. Aliyeyasema aliyasikia mwenyewe, na shingo yake ikalegea. Cherehani alitazama nje, watu wakivuka barabara na mifuko yao, kisha akamgeukia.

"Kila asubuhi," alisema, "nilikuwa nakaa pale mezani nakuombea uniulize. Kila asubuhi. Tungekuwa wawili tu, na mkate. Hakuna bodi, hakuna picha. Ukaona ni heri uvuliwe nguo na ukumbi mzima kuliko kunikubalia mimi jikoni."

Foleni ikasogea. Walipofika kwenye geti la shule Daktari akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Nisamehe, mama watoto."

Watu husema kisasi kikishaliwa huwa kichungu mdomoni. Hao hawajawahi kuibiwa. Kilikuwa kitamu, na Cherehani alikitafuta kile kichungu kila pembe ya kinywa chake, kwa uaminifu, asikione. Alichokiona ni huzuni, imekaa pembeni ya ule utamu kama jirani, kila kimoja na mambo yake.

"Leo sikusamehi," akasema, wala sauti haikupanda. "Nimeingoja siku hii tangu mtoto huyo anasimama dede. Niache niifaidi kidogo."

Akafungua mlango, akashuka kwenda kumchukua mtoto.